Sabuni Inayokataa Kuwa Ngumu

Ukiacha upishi na utengenezaji wa pombe, yamkini hakuna kazi ya kemia inayofanywa na watu wengi nje ya maabara kuliko utengenezaji wa sabuni. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, limo miongoni mwa vyombo vinavyoifundisha; vikundi vya akina mama huifanya, shule huionyesha, na karatasi za maelekezo hupita mkono hata mkono. Hata hivyo, aghalabu hufundishwa kana kwamba ni kuchemsha chai. Karatasi husema: chukua lita moja ya mafuta, kikombe kimoja cha kostiki soda na vikombe viwili vya maji, koroga upande mmoja bila kugeuza mpaka uji uwe mzito, mimina, kata kesho yake. Ni mafuta gani, karatasi haisemi. Kikombe ni cha ukubwa gani, haisemi. Jambo pekee linalosisitizwa kwa nguvu ni lile la kukoroga upande mmoja, ambalo kwa kemia halina maana yoyote.

Ubaya wa karatasi ya namna hiyo hudhihirika inapotumiwa mahali kama Milepa. Kijiji hicho kimo katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya safu ya Lyambalyamfipa. Anayetoka Sumbawanga mjini, juu ya uwanda wa Ufipa, huteremka mita zipatazo 900 kabla ya kulifikia bonde. Mafuta ya kupikia yanayokamuliwa katika mkoa huo ni ya alizeti, ufuta na karanga. Minazi ni ya pwani, na michikichi ni ya Kigoma. Basi mama wa bondeni anayetaka kutengeneza kipande cha sabuni ya kuoshea nywele, naye ameshika maelekezo yaliyoandikwa na mtu aliyezoea mafuta ya nazi, hufuata kila neno kwa uaminifu na mwishowe hupata kitu kinachobonyea kwa kidole hata baada ya wiki tatu. Kikilowa huwa ute. Kikiachwa juu ya kisahani huyeyuka chenyewe usiku. Na sabuni ya nywele hupata mateso kuliko sabuni nyingine, kwa kuwa hushikwa kwa mikono yenye maji, husuguliwa juu ya kichwa chenye maji, kisha huwekwa pale pale penye maji.

Hapo ndipo hatari inapoanza, maana mtu aliyepoteza mafuta yake hatakaa akitazama tu. Wengine huongeza kostiki katika mchanganyiko wa pili, kwa hoja kwamba kitu kikali hufanya kitu kigumu. Wengine hutia silikati ya sodiamu, ambayo kwa kweli huupa mche wa sabuni ugumu na uzito, na katika sabuni ya kufulia ina nafasi yake ikiwa imepimwa. Kwenye kichwa cha mtoto haina nafasi. Wengine huianika sabuni juani, ikakauka ngozi ya nje na kupasuka huku ndani ikibaki laini. Dawa zote tatu hutibu ugonjwa usiokuwapo. Sabuni ile haikuwa laini kwa sababu ya uchache wa kostiki, bali kwa sababu ya mafuta yenyewe, na mwalimu yeyote wa kemia wa sekondari anao ujuzi wa kutosha wa kulieleza jambo hilo kwa kipindi kimoja.

Kila mafuta ni muungano wa gliserini na asidi za mafuta. Haidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda, huuvunja muungano huo. Gliserini ikaachwa huru, na kila asidi ikashikana na sodiamu kuwa chumvi. Chumvi hiyo ndiyo sabuni. Tabia ya sabuni, basi, hurithiwa kutoka kwa asidi zilizokuwamo katika mafuta, na asidi hizo hazifanani. Asidi ya steariki huyeyuka kwenye nyuzi 69 za sentigredi, ya palmitiki kwenye nyuzi 63, ya lauriki kwenye nyuzi 44. Asidi ya oleiki huyeyuka kwenye nyuzi 13 tu, na ya linoleiki kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri. Zile tatu za kwanza zina minyororo ya kaboni iliyonyooka. Oleiki ina kifungo maradufu kimoja kinachoupinda mnyororo wake, na linoleiki inavyo viwili. Mtu aliyewahi kufunga mzigo wa kuni anafahamu tofauti hiyo: fito zilizonyooka hulaliana zikakaza, lakini matawi yaliyopinda, hata ukayafunga kwa kamba mbili, huacha mianya. Katika sabuni mianya hiyo ndiyo inayopokea maji.

Sasa yatazamwe mafuta yenyewe. Alizeti ya kawaida ina linoleiki kiasi cha sehemu 60 katika 100, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni oleiki. Asidi zilizonyooka hazizidi sana sehemu 10. Ufuta ni ndugu yake wa karibu. Mawese yana palmitiki nyingi, hata karibu nusu ya asidi zake zimenyooka. Shahamu ya ng'ombe nayo ni hivyo hivyo, kwa palmitiki na steariki. Nazi na mise, yaani mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi, yana lauriki karibu nusu, na hizo hutoa sabuni ngumu ambayo, tofauti na ile ya shahamu, huyeyuka upesi majini na kutoa povu jingi. Kwa hiyo mtu wa Unguja akisema kwamba sabuni yake ilikauka kwa siku mbili, na mtu wa Milepa akisema kwamba yake haikukauka kwa wiki tatu, wote wawili wamesema kweli, na hakuna mwenye mkono mbaya kati yao.

Lipo jambo jingine, nalo si la ugumu tu bali la usalama. Gramu 1,000 za mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki safi ili zigeuke sabuni yote. Mise huhitaji 176, mawese 141, shahamu 140, alizeti 135, na mafuta ya nyonyo 128. Anayechukua kipimo cha nazi akakitia katika alizeti atakuwa na gramu 48 za kostiki zisizo na mafuta ya kushikana nayo, yaani zaidi ya thuluthi ya kiasi kilichotakiwa. Ziada hiyo hubaki ndani ya kipande, ikingojea ngozi ya kichwa na macho. Anayefanya kinyume chake, akatia kipimo cha alizeti katika nazi, huacha zaidi ya robo ya mafuta bila kugeuka, akapata sabuni yenye grisi isiyosafisha. Na mambo haya yanahesabiwa kwa uzito, si kwa kikombe. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi, wala si 1,000. Kikombe cha kostiki ya magamba si sawa na kikombe cha kostiki ya punje. Tena kostiki iliyoachwa wazi hunyonya unyevu na hewa ya kaboni, ikapungua nguvu huku ikiongezeka uzito. Bila mizani ya gramu, kazi hii haifai kufanywa. Kauli hiyo itawaudhi wale wanaosema kwamba mizani ni anasa ya maabara, lakini wenye duka la dhahabu hawasemi hivyo.

Ujuzi wa kuifanya sabuni iwe ngumu si mgeni kabisa katika nchi za bara. Zamani, watu waliotumia maji ya majivu walikuwa wakitumia chumvi za potasiamu, na sabuni ya potasiamu huwa laini kama uji hata mafuta yakiwa ya namna gani. Dawa yake ilikuwa chumvi ya kawaida. Sabuni hiyo ikichemshwa na kutiwa chumvi, sodiamu huchukua nafasi ya potasiamu, sabuni ngumu ikapanda juu, na maji yenye gliserini yakabaki chini. Mwanafunzi wa Rukwa anapoelezwa habari hiyo, hana haja ya kupelekwa mbali kutafuta mfano wa chumvi. Katika Bonde hilo hilo la Rukwa, upande wa kusini, kuna Ivuna, na mashariki ya Kigoma kuna Uvinza. Mahali pote pawili watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa karne nyingi, na taarifa za uchimbaji wa wanaakiolojia katika sehemu hizo zilichapishwa mwaka 1968. Sababu ya kikemia ya haya yote ilikuja kueleweka Ufaransa, kwa Michel Eugène Chevreul, aliyeanza mwaka 1811 kwa kuchunguza sabuni ya potasiamu iliyotokana na mafuta ya nguruwe na kutoa kitabu chake cha mafuta ya wanyama mwaka 1823. Ni yeye aliyezitenganisha asidi za mafuta moja moja na kuonyesha kwamba ndizo zinazobainisha sabuni moja na nyingine.

Wale waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 watakumbuka jinsi sabuni ilivyoadimika baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hata nguo zikafuliwa kwa majani ya mpapai. Wakati ule sabuni laini ilikuwa neema. Leo kipande cha mama wa Milepa hukaa dukani kando ya kile cha kiwandani, na mnunuzi hukibonyeza kwanza kabla ya kuuliza bei.

Mafuta ya kumpa ugumu yanapatikana. Bonde la Rukwa lina makundi makubwa ya ng'ombe, hasa tangu wafugaji wa Kisukuma walipohamia huko, na shahamu ya machinjio aghalabu huuzwa kwa bei ndogo au hutupwa. Shahamu ikichemshwa na maji yenye chumvi kidogo, ikaachwa igande, ikapanguswa uchafu wa chini, na kazi hiyo ikarudiwa mara mbili au tatu, hupoteza harufu yake kwa kiasi kikubwa. Mise hununuliwa kutoka Kigoma. Ni ghali kuliko alizeti, lakini haihitajiki nyingi. Mafuta ya nyonyo hutolewa katika mbarika, mmea unaojiotea wenyewe kwenye viunga vya nyumba, nayo husaidia povu kudumu. Alizeti isitupwe nje. Ipewe nafasi yake, isiwe mwenye nyumba. Tena alizeti nyingi ina kosa la pili: linoleiki huungana na oksijeni ya hewa, na baada ya miezi michache sabuni hutoka madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyochacha.

Kwa gramu 1,000 za mafuta, mchanganyiko unaofaa kujaribiwa ni shahamu 400, alizeti 300, mise 250 na nyonyo 50. Hesabu yake ya kostiki ni 56 kwa shahamu, 40.5 kwa alizeti, 44 kwa mise na 6.4 kwa nyonyo, jumla gramu 146.9. Hapo hupunguzwa sehemu 5 katika 100, ili mafuta kidogo yabaki na kostiki isibaki hata chembe. Hivyo gramu 140. Maji yawe mara mbili ya kostiki, gramu 280, na ndani yake iyeyushwe kwanza gramu 10 za chumvi ya mezani, kabla ya kostiki kutiwa. Chumvi hiyo huikaza sabuni upesi kwenye kiunzi. Ikizidi sana, huua povu. Katika mchanganyiko huu asidi zilizonyooka ni zaidi kidogo ya sehemu 40 katika 100, na katika alizeti tupu zilikuwa kama 10. Nta ya nyuki, ambayo wengine huipenda, huongeza ugumu pia, lakini gramu 10 au 20 zinatosha. Zikizidi, kipande hung'ang'ania nywele kama gundi.

Maji hayamiminwi juu ya kostiki kamwe. Kostiki ndiyo inayotiwa polepole ndani ya maji baridi, penye hewa, macho yakiwa yamekingwa, kwa sababu joto lake hupanda ghafla na tone moja laweza kupofusha. Ikirukia ngozi au jicho, ni maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha hospitali. Siki na limau zisitiwe. Na sufuria za alumini, ambazo ndizo zilizojaa jikoni, hazifai kabisa, kwa maana kostiki huila alumini na kutoa haidrojeni, hewa inayoshika moto. Ndoo ya plastiki imara inafaa, na chombo cha chuma cha pua pia.

Urefu wa nchi nao una neno lake. Shahamu huanza kuganda chini ya nyuzi 45 hivi. Katika Milepa, penye joto, hilo halina shida. Juu, Sumbawanga, asubuhi ya mwezi wa Juni, mchanganyiko ukipoa ndani ya ndoo, shahamu huganda tu yenyewe, na mtengenezaji akidhani kuwa sabuni imekuwa nzito, humimina. Kesho yake hukuta kipande kilichojitenga, mafuta juu na maji makali ya kostiki chini. Huko mafuta na maji ya kostiki yakutanishwe yote yakiwa kati ya nyuzi 45 na 50, na kiunzi kifunikwe kwa blanketi usiku wa kwanza. Kwa ukaushaji, hata hivyo, uwanda wa juu una heri yake wakati wa kiangazi, penye upepo mkavu. Vipande vikatwe baada ya siku moja au mbili, vipangwe kwenye chanja kivulini, visigusane, vigeuzwe kila wiki, vikae wiki 4 hadi 6. Kipande cha gramu 100 huweza kupoteza gramu 10 au zaidi. Mvua zikianza, Novemba, muda huo huongezeka, na gliserini iliyomo hunyonya unyevu wa hewa na kutoa jasho. Anayefanya kazi hii kwa biashara atengeneze akiba yake kiangazi.

Yapasa kusema kweli pia juu ya jina. Kipande hiki ni sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya nywele. Si shampuu kwa maana ya viwandani. Vipande vya shampuu vinavyouzwa mijini hutengenezwa kwa visafishaji vya kubuniwa, kama kile kiitwacho kokoili isethionati ya sodiamu, ambacho asili yake ni asidi za nazi lakini hupita kiwandani. Ugumu wake hutokana na kukandamizwa na kutiwa asidi ya steariki, wala hakihitaji kukaushwa kwa wiki nyingi. Hakina ualkali wa sabuni. Sabuni yoyote ya kweli ina pH ya 9 au 10, na nywele hupenda hali iliyo karibu na asidi, ndiyo maana huwa kavu na hukwaruza zikioshwa kwa sabuni. Katika maji magumu kalsiamu hushikana na sabuni kuwa utando mweupe unaoganda kwenye nywele, na mtu hudhani hakusuuza vizuri. Kijiko cha maji ya limau ndani ya lita moja ya maji, kwa suuza ya mwisho, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, macho yakiwa yamefumbwa. Wauzaji wanaoandika neno shampuu juu ya sabuni yenye kostiki hawamtendei haki mnunuzi, hata kama bidhaa yao ni nzuri.

Shule za sekondari za Ufipa na za bondeni zina nafasi ambayo hata wakufunzi wa ujasiriamali hawana: zina mizani, zina kipimajoto, zina fenolfthaleini. Kidato kimoja chaweza kutengeneza vipande vinne vya uzito uleule, kimoja cha alizeti tupu, kimoja cha shahamu tupu, kimoja cha mise tupu na kimoja cha mchanganyiko, kila kimoja kwa hesabu yake ya kostiki. Vipimwe uzito kila Ijumaa na kuchorewa grafu. Ugumu upimwe kwa msumari uliosimamishwa juu ya kipande na kubebeshwa kilo moja kwa dakika moja, kisha kina cha shimo kisomwe kwa rula. Baada ya wiki sita wanafunzi watakuwa na jibu lao wenyewe kuhusu alizeti, na hawatahitaji kuambiwa na karatasi.

Kuhusu kostiki iliyobaki, mwalimu awe mwangalifu na jaribio moja linalopotosha wengi. Fenolfthaleini ikidondoshwa juu ya sabuni iliyolowa maji hugeuka waridi hata kama sabuni haina kosa, kwa sababu sabuni yenyewe huachia ualkali kidogo ikikutana na maji. Kipande kikwanguliwe, makwaruzo yayeyushwe katika spiriti yenye uvuguvugu iliyopashwa ndani ya maji ya moto mbali na mwali, ndipo matone mawili yatiwe. Humo sabuni safi hubaki bila rangi; ikigeuka waridi nzito, kuna kostiki huru, na kundi zima la vipande hivyo lirudishwe chunguni pamoja na mafuta yaliyopimwa.